Chippendale: Fundi anayetambuliwa kwa ankara

Fundi samani mashuhuri wa Uingereza, Thomas Chippendale, alizaliwa mwaka 1718 katika mji mdogo wa Otley, Yorkshire. Mwaka 1754, akiwa na karakana London, alichapisha kitabu cha michoro ya samani. Kilimletea wateja matajiri, lakini mafundi wengine nao walikinunua wakaiga michoro hiyo. Yeye mwenyewe hakuwa na desturi ya kupiga chapa kazi zake, hivyo kiti cha mtindo wake si lazima kiwe kimetoka kwake.

Kinachoamua ni karatasi. Majumba ya Nostell Priory na Dumfries House yamehifadhi ankara zake, zikieleza kila samani na bei yake. Wataalamu huoanisha maelezo hayo na kabati au meza iliyomo ndani. Wangapi kati yetu wanatunza hata za mwaka jana?

Ankara, hata hivyo, si fedha mkononi. Mabwana hao walichelewa kulipa, na barua zake kwa Sir Rowland Winn wa Nostell zimejaa maombi ya malipo. Alifariki mwaka 1779. Mwanawe aliiendeleza karakana, akafilisika mwaka 1804.