Theodore Roosevelt na Mchezo Uliokuwa Ukiua

Atokaye Mutuini akapita Kikuyu na kuufuata ukingo wa Bonde la Ufa hufika Kijabe. Huko, tarehe 4 Agosti 1909, mgeni mmoja kutoka Marekani aliweka jiwe la msingi la jengo la shule ya wamisheni. Mgeni huyo alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka katika urais wa nchi yake miezi mitano tu iliyotangulia. Hapa Kenya hukumbukwa kwa bunduki yake. Ni wachache wajuao kwamba aliwahi kuingilia kati ili kuunusuru mchezo wa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858. Utotoni alisumbuliwa na pumu, na macho yake hayakuona vyema. Hakuukubali unyonge huo. Aliuzoeza mwili wake kwa mazoezi makali, na alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikohitimu mwaka 1880, alishiriki ndondi. Tangu hapo aliamini kwamba kijana hukomazwa na taabu. Ndiyo maana aliupenda mpira wa Kimarekani, mchezo wa jamii ya raga, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuichezea timu ya Harvard.

Hata hivyo, mzaha mzaha hutumbua usaha. Mchezo huo ulikuwa umegeuka vita. Kurusha mpira mbele kulikatazwa, na timu ilitakiwa kusonga yadi 5 tu katika majaribio 3. Kwa hivyo wachezaji walikusanyika pamoja na kuwavamia wapinzani kwa uzito wa miili yao. Ngumi na mateke yalifichika ndani ya rundo hilo, refa asiyaone. Katika msimu wa mwaka 1905, magazeti yalihesabu vifo vipatavyo 18, wakiwemo wanafunzi wa shule za sekondari.

Tarehe 9 Oktoba mwaka huo, Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Miongoni mwao alikuwamo Walter Camp wa Yale, aliyekuwa na sauti kubwa katika utungaji wa sheria za mchezo. Rais hakutaka mchezo ufutwe; alitaka uchezwe kwa haki. Wageni wakaahidi, lakini ahadi haikutosha. Mwezi uliofuata, mwanawe mwenyewe, aliyeitwa Theodore kama babaye, aliumizwa pua akiichezea Harvard katika mechi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza dhidi ya Yale. Tarehe 25 Novemba, Harold Moore wa Union College alifariki baada ya kuumia kichwa katika mechi dhidi ya New York University. Chuo Kikuu cha Columbia kikaupiga mchezo huo marufuku.

Ndipo Henry MacCracken, mkuu wa New York University, alipoviita vyuo vingine. Mwezi Desemba wajumbe wa vyuo zaidi ya 60 walikutana na kuanzisha chama ambacho tangu mwaka 1910 huitwa NCAA. Sheria za mwaka 1906 ziliruhusu mpira kurushwa mbele, zikadai yadi 10 badala ya 5, na zikatenga nafasi wazi baina ya pande mbili. Vifo havikukoma mara moja. Baada ya msimu wa mwaka 1909 sheria zilirekebishwa tena, na kumsukuma au kumvuta mchezaji mwenye mpira kukakatazwa.

Wakati huo Roosevelt alikuwa Afrika Mashariki. Yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama 512, wengi wao wakipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Aidha, aliunga mkono walowezi waliojitwalia nyanda za juu. Haki aliyoidai kwa vijana wa kwao hakuidai kwa wenyeji wa nchi hii.

Roosevelt alifariki tarehe 6 Januari 1919. Hakuandika hata sheria moja ya mchezo ule. Alichofanya ni kutumia cheo chake kuwaketisha wenye uwezo wa kuziandika, na kukiri kwamba ukali alioupenda ulihitaji mipaka. Waliomaliza kazi hiyo ni wengine, na iliwachukua miaka.