Theodore Roosevelt na Bastola za Polisi

Nimeona vema kuwaeleza kwa kifupi maisha ya Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani. Wengi wetu twamjua kwa safari yake ya kuwinda, aliposhuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 akapanda gari moshi kwenda bara. Lakini mimi nimevutwa zaidi na kazi aliyoifanya kabla ya hapo katika polisi.

Alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858. Utotoni alisumbuliwa sana na pumu, lakini alifanya mazoezi ya mwili mpaka akapata nguvu. Alimaliza masomo ya chuo cha Harvard mwaka 1880. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mkewe walifariki siku moja, naye akaenda kufuga ng'ombe katika nyika za Dakota.

Mwaka 1895 akawa mkuu wa baraza la polisi la New York. Usiku alizunguka mitaani kwa miguu, akawakuta askari wengine wamelala. Tena askari hao walibeba bastola za namna nyingi, hata risasi za huyu hazikufaa silaha ya yule. Basi mwaka 1896 ikachaguliwa bastola moja kwa wote, nayo ni Colt New Police. Ilichukua risasi sita katika silinda yenye kuzunguka, kila risasi ikiwa na upana wa karibu milimeta 8. Askari wakafundishwa pia kulenga shabaha.

Bastola hiyo ilikuwa na upungufu. Ikianguka chini, nyundo yake yaweza kugonga risasi ikafyatuka. Mwaka 1907 kiwanda kikatoa Police Positive, iliyotiwa kizuizi kinachoikinga risasi na nyundo mpaka kifyatulio kivutwe. Halafu ikaja Police Positive Special, yenye silinda ndefu zaidi na risasi nene ya karibu milimeta 9, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza.

Roosevelt alipata urais mwaka 1901, baada ya Rais McKinley kuuawa kwa bastola. Naye mwenyewe, tarehe 14 Oktoba 1912 mjini Milwaukee, alipigwa risasi kifuani na mtu mwenye Colt ya aina hiyo mpya. Karatasi nene za hotuba na kibweta cha miwani, vilivyokuwa mfukoni, vilipunguza nguvu ya risasi. Aliwazuia watu wasimdhuru aliyempiga, kisha akahutubu kwa zaidi ya saa nzima. Risasi ile ilibaki mwilini mwake mpaka alipofariki tarehe 6 Januari 1919.

Mwaka 1993 polisi wa New York waliruhusiwa kubeba bastola za magazini, na mwaka 2018 zile za silinda zikaondolewa kazini kabisa.

Wanafunzi wenzangu, kwa maoni yangu kila silaha mpya ilirekebisha kasoro ya ile ya zamani, lakini hakuna iliyojua imeshikwa na nani. Chombo kile kile kilimlinda raia, na kilimjeruhi Roosevelt. Kwa hiyo naona kazi yake kubwa haikuwa kuchagua bastola, bali kuwafunza na kuwasimamia walioibeba.