Carl Koller: Aliyetia jicho ganzi kisha akanyimwa kazi Vienna

KABLA ya mwaka wa 1884, mgonjwa aliyehitaji kupasuliwa jicho alilazwa chali akiwa na fahamu zake zote. Wasaidizi walimshika kichwa na mikono asifurukute, naye daktari akapitisha kisu kwenye konea, ule utando mwangavu ulio mbele ya jicho, ambao ni miongoni mwa sehemu zinazohisi maumivu kwa ukali zaidi mwilini. Aliyekuwa na mtoto wa jicho alilazimika kuchagua kati ya upofu na mateso hayo.

Si kwamba dawa za kulaza wagonjwa hazikuwepo. Etha na klorofomu zilikuwa zimetumiwa tangu miaka ya 1840, na wapasuaji wa viungo vingine walizichangamkia. Madaktari wa macho ndio waliozihofia. Mgonjwa aliyezinduka baada ya kulazwa kwa dawa hizo mara nyingi alitapika, na enzi hizo kidonda cha konea kwa kawaida hakikushonwa. Nguvu za kutapika zingeweza kukifumua na kuliharibu jicho lililokuwa limekwisha kupasuliwa vyema. Isitoshe, daktari alimhitaji mgonjwa aweze kutazama juu au chini anapoombwa, na aliyelala fofofo hawezi kutii agizo.

Aliyeitatua shida hiyo hakuwa profesa wala tajiri. Carl Koller alizaliwa tarehe 3 Desemba, 1857 katika mji mdogo wa Bohemia uitwao Schüttenhofen, ambao siku hizi unaitwa Sušice na uko katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna, akafuzu mwaka wa 1882, kisha akawa daktari wa ngazi ya chini katika Hospitali Kuu ya mji huo. Azma yake ilikuwa moja: kupata nafasi ya usaidizi katika kliniki ya macho ya chuo hicho. Nafasi za aina hiyo zilikuwa chache, na kijana wa Kiyahudi alihitaji kufanya jambo la kuwashangaza wakubwa ili afikiriwe.

Mwalimu wake wa macho, Profesa Ferdinand von Arlt, alikuwa amewaeleza wanafunzi jinsi upasuaji wa jicho ulivyohitaji dawa ya kutia ganzi mahali pamoja tu. Koller aliyashika maneno hayo. Alijaribu mofini, klorali na bromaidi kwenye macho ya wanyama bila mafanikio yoyote, akaliweka suala hilo kando.

Katika hospitali hiyohiyo alikuwemo rafikiye, Sigmund Freud, ambaye baadaye jina lake lingevuma duniani kwa nadharia zake kuhusu nafsi ya binadamu. Mwaka huo wa 1884 Freud alikuwa akichunguza kokeini, dawa iliyotolewa kwenye majani ya mkoka wa Amerika Kusini. Alichapisha makala kuihusu mwezi Julai, akitumaini kuwa ingefaa kuongeza nguvu, kutibu huzuni na kuwaondolea watu uraibu wa mofini. Tumaini hilo la mwisho lilikuja kuwa kosa kubwa. Koller alikuwa mmoja wa wenzake waliokubali kumeza dawa hiyo ili nguvu za misuli yao zipimwe.

Kila aliyeimeza alihisi ulimi umekufa ganzi. Hilo halikuwa siri. Albert Niemann, mkemia Mjerumani aliyeitenga kokeini safi karibu na mwaka wa 1860, alilitaja, na Mrusi Vasili von Anrep alikuwa amelipendekeza kama jambo la kuchunguzwa. Ndimi nyingi, basi, zilikuwa zimepewa jibu, na wenye ndimi hizo wakaendelea na shughuli zao. Siku moja katika kiangazi hicho, daktari mwenzake Koller alionja kidogo na kusema jinsi ulimi wake ulivyokuwa umepooza. Koller alisimulia baadaye kwamba papo hapo alitambua kuwa dawa aliyoitafuta kwa miaka alikuwa nayo mfukoni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye maabara ya Profesa Salomon Stricker, akamkuta msaidizi wake, Gustav Gaertner, na kumwomba mnyama wa kufanyia jaribio.

Aliletwa chura. Koller aliyeyusha unga kidogo kwenye maji na kutia tone katika jicho moja. La pili akaliacha bila dawa. Baada ya muda mfupi waligusa jicho lenye dawa kwa ncha ya sindano. Chura alitulia kana kwamba hakuguswa. Walipogusa lile jingine, aliruka. Wakarudia kwa sungura, kisha kwa mbwa, na matokeo yakawa yaleyale.

Inafaa kulitazama jaribio hilo kwa makini, maana sifa za Koller zimo humo kuliko katika bahati ya kuwa na unga mfukoni. Lile jicho la pili ndilo lililolipa la kwanza maana. Bila hilo, mtu angeweza kudai kwamba chura amechoka, au ameganda kwa woga. Kiumbe ni yuleyule, saa ni ileile, sindano ni ileile. Tofauti ni tone la dawa. Hadi leo watafiti wa tiba za macho hutumia mbinu hiyo pale inapowezekana, jicho moja likitibiwa na jirani yake likiwa kipimo.

Baada ya wanyama ilikuwa zamu ya binadamu, na Koller hakwenda wodini kutafuta maskini asiye na wa kumtetea, jambo ambalo madaktari wengi wa wakati huo walilitenda bila aibu. Yeye na Gaertner walitiana matone machoni wao kwa wao. Kila mmoja alisimama mbele ya kioo, akashika pini, akaigusa konea yake mwenyewe kwa kichwa cha pini hiyo. Hawakuhisi kitu. Leo dawa mpya haiwezi kufanyiwa majaribio kwa watu hapa Kenya bila idhini ya kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu, na anayejaribiwa sharti akubali baada ya kuelezwa hatari zilizopo. Mwaka wa 1884 hapakuwa na kamati wala bodi. Kilichomzuia daktari ni dhamiri yake tu, na ya Koller ilimwelekeza kwenye kioo kwanza.

Mnamo Septemba 11 dawa hiyo ilitumiwa katika upasuaji wa jicho la mgonjwa. Siku nne baadaye, madaktari wa macho walikutana mjini Heidelberg, Ujerumani, kwa kongamano lao. Koller hakuwa na nauli. Ripoti yake ilibebwa na Josef Brettauer, daktari kutoka Trieste aliyekuwa akipitia Vienna, naye akaisoma Septemba 15 na kuwaonyesha wajumbe jinsi dawa inavyofanya kazi. Mvumbuzi, mwenye umri wa miaka 26, alibaki nyumbani akisubiri habari.

Habari hizo zilikwenda kasi ajabu kwa ulimwengu usiokuwa na redio. Daktari Henry Noyes wa New York, aliyekuwepo Heidelberg, aliandika barua iliyochapishwa Marekani kabla ya katikati ya Oktoba. Mjini Vienna, Edmund Jelinek aliitumia dawa hiyo kwenye koo. Oktoba 17, Koller mwenyewe alihutubia Chama cha Madaktari cha Vienna. Palizuka mvutano mdogo, kwani daktari mwingine wa macho, Leopold Königstein, alikuwa amefanya majaribio yake kwa kuchochewa na Freud na akataka kutambuliwa. Freud ndiye aliyemsihi akubali kwamba Koller alimtangulia. Freud mwenyewe alikuwa safarini kumtembelea mchumba wake wakati rafikiye alipovumbua jambo lililompita yeye puani. Baadaye alimtania Koller kwa jina la utani lililounganishwa na koka. Mwaka wa 1885 watatu hao walikutana kando ya kitanda kimoja: babake Freud, Jakob, alipofanyiwa upasuaji wa glakoma, Königstein alishika kisu huku Koller na Freud wakisimamia ganzi.

Mtu angedhani nafasi ya kazi sasa ilikuwa ya Koller. Mambo yalikwenda mrama mapema Januari 1885. Akiwa zamu hospitalini, alimpokea mgonjwa aliyekuwa na jeraha la kidole kilichofungwa kwa nguvu kupita kiasi hivi kwamba damu haikupita. Koller alitaka kukilegeza mara moja. Fritz Zinner, daktari kutoka kitengo kingine cha upasuaji, alishikilia kuwa mgonjwa huyo ni wa kitengo chake. Walipobishana, Zinner alimtusi Koller kwa Uyahudi wake mbele ya watu. Koller alimjibu kwa kofi.

Wote wawili walikuwa maafisa wa akiba jeshini, na desturi iliwataka wamalizane kwa panga. Koller hakuwa mjuzi wa silaha hiyo, lakini Zinner ndiye aliyetoka na majeraha, kichwani na mkononi, naye Koller akatoka bila mkwaruzo. Wayahudi wa Vienna walishangilia, Freud akiwa mmojawapo. Hata hivyo, mapambano ya aina hiyo yalikuwa kinyume cha sheria, na kijana aliyemzaba mwenzake kofi wodini hakuwa tena mtu wa kupewa cheo kwa urahisi. Ile nafasi hakuipata kamwe. Afya yake ilidhoofika, na akaondoka Vienna.

Alikwenda Utrecht, Uholanzi, kufanya kazi na Frans Donders na Herman Snellen, yule ambaye jina lake lingali kwenye chati ya herufi zinazopungua ukubwa katika kliniki za macho. Mwaka wa 1888 alihamia New York, akafungua kliniki na kuhudumu katika Hospitali ya Mount Sinai. Alioa mwaka wa 1893 na kupata watoto wawili.

Dawa yenyewe ilikuwa na sura mbili. Kokeini ilikausha na kuharibu konea, na ilipodungwa kwa wingi iliua wagonjwa. William Halsted, mpasuaji mashuhuri wa Marekani, alijaribu kuidunga kwenye neva, akijitumia yeye na wenzake, na akanaswa na uraibu. Hapa dhamiri ya kujijaribu mwenyewe ilionyesha upungufu wake: pini kwenye konea humjulisha daktari juu ya dakika kumi zijazo, haimwambii lolote kuhusu mwaka ujao. Wakemia walitafuta mbadala, na mwaka wa 1905 prokaini ya Mjerumani Alfred Einhorn ikaanza kutumika. Baadaye zilikuja tetrakaini na lignokaini. Wakongwe wa Kenya wanaotolewa mtoto wa jicho wakiwa macho, wakimsikia daktari akizungumza na muuguzi, wanatumia wajukuu wa dawa ya Koller.

Tuzo ya Nobel hakuipata. Madaktari wa macho wa Marekani walimtunuku nishani ya Lucian Howe mwaka wa 1922, akiwa wa kwanza kuipokea. Vienna haikumwita arudi. Wanaomfahamu Freud ni mamilioni, na Freud alipoandika kuhusu maisha yake mwaka wa 1925, alimtaja mchumba wake kwa mzaha kama sababu ya kuikosa sifa hiyo.

Koller alifariki New York tarehe 21 Machi, 1944. Binti yake ndiye aliyechapisha kisa chake kwa kirefu mwaka wa 1963. Karatasi zake zilihifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington. Miongoni mwake imo bahasha ndogo, na kwa mwandiko wa Koller imeelezwa kuwa ina masalio ya kokeini aliyotumia katika majaribio yake ya kwanza, Agosti 1884.