Moyo Uliojeruhiwa Hupona Polepole

Je, umebeba kidonda moyoni kwa miaka? Pengine ulidharauliwa na wakwe, au kuna mtu ambaye ukilisikia jina lake tu roho inakuuma. Basi mtazame mama huyu, Mtakatifu Yohana Fransiska wa Chantal.

Alizaliwa mwaka 1572 mjini Dijon, Ufaransa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mchanga, akalelewa na baba. Mwaka 1592 aliolewa na Christophe, bwana mwenye cheo na mashamba, lakini pia mwenye madeni. Yohana aliishika nyumba hiyo mpaka ikasimama. Walipendana sana. Walijaliwa watoto sita, na wawili wakafa wakiwa wachanga.

Mwaka 1601 Christophe alikwenda kuwinda na jamaa yake, na kwa bahati mbaya huyo jamaa akampiga risasi. Aliishi siku chache tu. Kabla ya kukata roho alimsamehe aliyempiga, lakini mkewe hakuweza. Alikuwa mjane wa miaka 29, mwenye watoto wanne.

Taabu haikuishia hapo. Baba mkwe, mzee mkali, alimwamuru ahamie kwake, la sivyo angewanyima watoto urithi. Katika nyumba ile mtumishi wa kike ndiye aliyetawala, na Yohana akakaa humo miaka kama saba bila sauti. Wewe uliyewahi kuhesabiwa si kitu katika boma la watu unajua uchungu huo. Lakini yeye hakuacha dharau ile imwambie yeye ni nani. Alisali, akamhudumia mzee, akalea watoto na kutembelea wagonjwa.

Katika Kwaresima ya mwaka 1604 alikutana na Askofu Fransisko wa Sales, aliyekuja Dijon kuhubiri, naye akawa mwongozi wake wa kiroho. Angalia vile alivyomtibu. Hakumlazimisha kusamehe kwa siku moja. Alimwambia asimtafute yule mtu, lakini wakikutana, ampokee kwa upole hata kama moyo unatetemeka. Yohana akaanza na salamu tu. Baadaye akakubali kukaa naye. Mwishowe akawa mama wa ubatizo wa mtoto wake! Ilichukua miaka, lakini alifika.

Mwaka 1610, akiisha kuwapangia watoto wake maisha, alianzisha mjini Annecy shirika la watawa la Ziara ya Bikira Maria. Alipokea wajane na wanawake wenye afya dhaifu, ambao mashirika mengine hayakuwataka. Aliyehesabiwa si kitu aliwaonyesha wengine kwamba mbele ya Mungu wana thamani.

Usidhani kwamba maumivu yalikwisha kabisa. Mwanawe alikufa vitani mwaka 1627, na mashaka ya imani yalimsumbua kwa muda mrefu. Hata hivyo aliendelea kusali. Alifariki tarehe 13 Desemba 1641, na mwaka 1767 Kanisa likamtangaza Mtakatifu. Tunamkumbuka tarehe 12 Agosti.

Mpendwa msomaji, thamani yako haitoki kwa mume, mke wala wakwe. Uliipokea kwa Mungu aliyekuumba, ukatiwa muhuri siku ya ubatizo. Hakuna wa kukunyang'anya. Nawe uliye na mwenzi mwenye kidonda, usimharakishe wala usimwambie asahau. Msikilize. Na kusamehe si kuficha ubaya unaoendelea. Kama unapigwa au kuteswa, tafuta msaada.

Usiku wa leo, watoto wakilala, kaeni wawili. Kila mmoja ataje kidonda kimoja, na mwenzake asijitetee. Kisha salini pamoja Baba Yetu, polepole. Ikiwa leo mnaweza salamu tu, anzeni na salamu.

Mungu aibariki nyumba yenu.