Mohamed Amin: Mkenya ambaye kamera yake iliiamsha dunia

Vijana wengi leo huenda hawalijui jina la Mohamed Amin, lakini matunda ya kazi yake wanayajua. Matamasha makubwa ya muziki ya kuwachangia wenye njaa chimbuko lake kubwa ni picha alizopiga Mkenya huyu Oktoba 1984 huko Korem, kaskazini mwa Ethiopia.

Mo, kama alivyozoeleka kuitwa, alizaliwa Agosti 29, 1943 mtaani Eastleigh, Nairobi, katika familia ya Waislamu wenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na familia ikahamia Dar es Salaam. Huko ndiko alikonunua kamera yake ya kwanza, kuukuu, akiwa bado mtoto wa shule. Mwaka 1963, kabla hata hajafikia umri wa miaka 21, akaanzisha kampuni yake, Camerapix.

Yalipotokea Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, alivuka bahari kwenda kuyapiga picha. Lakini Zanzibar hiyohiyo ndiyo iliyomfundisha gharama ya kazi yake. Mwaka 1966 alikamatwa visiwani, akawekwa karibu mwezi mzima katika gereza la Kiinua Miguu, akateswa, kisha akarudishwa Kenya. Sisi tulioyahama makwetu kwa sababu ya kalamu tunaijua njia panda ile: ama unyamaze, ama uanze upya ugenini. Mo alianza upya Nairobi, na Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 5, 1969, ni yeye aliyefika na kamera. Picha hizo zilimpatia tuzo nchini Uingereza.

Ili kuelewa uzito wa Korem, lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1973 Mwingereza Jonathan Dimbleby alitengeneza filamu juu ya njaa ya Wollo, njaa ambayo serikali ya Mfalme Haile Selassie ilikuwa ikiificha. Septemba 1974 wanajeshi waliirusha katika televisheni ya Ethiopia, ikiwa imechanganywa na picha za karamu za mfalme, na kesho yake wakampindua. Ajabu ni kwamba miaka 10 baadaye, watawala haohao walikuwa wakisherehekea mapinduzi yao kwa gharama kubwa huku wakizificha maiti za kaskazini. Waliojua nguvu ya filamu ndio walioiogopa zaidi.

Mo hakukubali. Alihangaikia vibali mpaka akavipata, akaenda Korem pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Taarifa yao ilionyeshwa Oktoba 23, 1984, na baadaye ikarushwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Bob Geldof aliiona, akawakusanya wanamuziki wa Uingereza. Wa Marekani wakafuata, na Julai 13, 1985 likafanyika tamasha la Live Aid huko London na Philadelphia.

Hata hivyo, tusiidanganye historia. Njaa ile haikuletwa na ukame peke yake, bali pia na vita na siasa za Mengistu, na watu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki nne na milioni moja walikufa. Serikali yake iliendelea kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka kaskazini kwenda kusini hata misaada ilipokuwa ikimiminika. Wapo pia waliolalamika, na wana haki, kwamba tangu hapo Mwafrika akawa anaonekana kama mtu wa kunyoosha mkono tu. Picha iliamsha huruma. Haikuweza kuuondoa udikteta.

Mo mwenyewe hakuiacha Afrika. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, likamuua mwenzake John Mathai na kumkata Mo mkono wa kushoto. Baada ya miezi michache alirudi kazini na mkono wa bandia. Novemba 23, 1996 ndege ya Ethiopia aliyopanda kwenda Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja. Watu 125 kati ya 175 walikufa, Mo akiwemo. Alikuwa na miaka 53.

Nayaandika haya kutoka West Bay, Doha, ambako walinzi na wasafishaji wengi wa maghorofa haya ni ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2017 ilitoka filamu ya The Workers Cup, ya Adam Sobel, ikiwaonyesha vibarua wa kambini hapa Qatar, Wakenya na Waghana wakiwemo, kama watu wenye majina, upweke na ndoto. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa ili mfanyakazi aweze kuhama mwajiri bila kibali cha yule wa kwanza. Haikuwa kazi ya filamu peke yake. Yalikuwepo mashirika ya haki, vyama vya wafanyakazi na macho ya dunia kuelekea Kombe la Dunia.

Ndivyo ilivyokuwa Korem pia. Kamera huondoa kisingizio cha kutojua, na baada ya hapo kazi ni yetu sote. Mwenyezi Mungu amrehemu Mo.