Muhammed Said Abdulla na Mzimu Usiojitokeza

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya, akaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi hivi. Mkaguzi wa afya huingia majumbani mwa watu, huchungulia visima na mapipa ya maji, huuliza maradhi yametoka wapi. Sisi twaona kwamba hapo ndipo alipotungwa mimba Bwana Msa, mpelelezi wake mashuhuri, ijapokuwa vitabu vyenyewe vilikuja baadaye sana.

Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, na tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri Mkulima, jarida la kilimo. Katika muda huo hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58, ikatolewa kitabu mwaka 1960.

Jina hilo humtayarisha msomaji kwa hofu. Bwana Ali bin Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, akutwa ameuawa mzimuni. Msomaji angojea mzimu ujitokeze, nao haujitokezi. Hata hivyo ndio uendeshao kisa, kwani umekuwa pazia, na kila mwenye siri aweza kujificha nyuma yake. Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, hashindani na pazia hilo. Auliza nani alikuwa wapi, nani ni wa ukoo gani, na kifo hiki kimemfaa nani.

Yafaa tulinganishe na A Christmas Carol, aliyoitoa Charles Dickens huko Uingereza mwaka 1843. Mle mzuka wa Marley hufika kweli, umefungwa minyororo, ukamwonya bahili Scrooge, mshirika wake wa zamani. Kwa Dickens mzuka ni mwalimu. Kwa Abdulla mzimu ni mtihani.

Mwanachuo atakayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha Kibaha au Kisarawe huenda akakuta watoto wanaoukwepa mbuyu fulani, au wasiothubutu kuingia msitu wa Pugu peke yao. Akiwacheka, amewatukana wazazi wao, na darasa litamnyamazia mwaka mzima. Twapendekeza awasimulie wanafunzi wa Darasa la Sita kisa hiki kwa kinywa chake (kitabu chenyewe ni kigumu kwao), akome kabla ya fumbo kufumbuliwa. Kisha augawe ubao sehemu mbili: upande mmoja yaandikwe yaliyoonekana kwa macho, upande wa pili yaliyosikiwa tu. Watoto wenyewe wabishane neno gani liende wapi. Mwalimu asiharakishe, ubishi huo ndio somo.

Wala si mchezo. Mtoto akishikwa na kuhara, na watu wakasema amepita mzimuni, hakuna atakayekwenda kukitazama kisima anachotekea maji, na wenzake wataendelea kuyanywa.

Abdulla hakuiacha njia hiyo. Mwaka 1968 alitoa Kisima cha Giningi, akilitumia jina la mji wa wachawi na majini katika masimulizi ya Unguja na Pemba, na Bwana Msa akarudi tena kuuliza maswali yake. Mwandishi alifariki mwaka 1991. Mwalimu atakayetaka kuendelea na kitabu hicho cha pili akiweke hadi Darasa la Saba.