Herman Hollerith

Herman Hollerith (Buffalo, New York, 29 Februari 1860 – Washington, D.C., 17 Novemba 1929) alikuwa mhandisi, mwalimu wa chuo kikuu na mfanyabiashara wa Marekani. Anajulikana kwa kubuni mashine ya kuchambua takwimu kwa kadi zenye matundu. Kampuni yake ilikuwa mojawapo ya zile zilizoungana na baadaye kuitwa IBM.

Maisha ya awali

Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Alihitimu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1879, kisha akaajiriwa katika sensa ya Marekani ya mwaka 1880. Sensa hiyo ilihesabu watu zaidi ya milioni 50, na makarani walichambua majibu kwa mkono kwa miaka kadhaa. Daktari John Shaw Billings, aliyesimamia takwimu za vifo, alimdokezea kwamba kazi hiyo ingeweza kufanywa na mashine.

Mwaka 1882 alifundisha uhandisi wa mitambo katika chuo cha MIT, huku akiendelea na majaribio yake. Mwaka 1890 Columbia ilimpa shahada ya uzamivu.

Kadi zenye matundu

Hollerith alikuwa ameona makondakta wa treni wakitoboa tiketi ili kuonyesha sura ya abiria, kama vile rangi ya nywele na macho, tiketi isitumiwe na mtu mwingine. Alichukua wazo hilo akampa kila mtu kadi yake. Mahali pa tundu palionyesha umri, jinsia, kazi au mahali pa kuzaliwa.

Kadi iliwekwa chini ya pini za chuma. Palipokuwa na tundu, pini ilipita na kugusa zebaki iliyokuwa chini. Umeme ukapita na mshale wa kihesabio ukasogea hatua moja. Kadi zilezile ziliweza kupangwa upya, kwa mfano kuhesabu wakulima peke yao au wajane peke yao.

Alipewa hataza mwaka 1889. Mashine zake zilitumika katika sensa ya mwaka 1890, na idadi ya wakazi, zaidi ya milioni 62, ilitangazwa kabla ya mwaka huo kwisha.

Biashara

Mwaka 1896 alianzisha Tabulating Machine Company. Alikodisha mashine badala ya kuziuza, na kampuni za reli zikawa miongoni mwa wateja wake. Baada ya sensa ya mwaka 1900 aligombana na ofisi ya sensa kuhusu bei, nayo ikaamua kutengeneza mashine zake yenyewe. Mwaka 1911 kampuni yake iliunganishwa na nyingine. Muungano huo uliitwa IBM kuanzia mwaka 1924.

Urithi

Kadi za matundu zilitumika katika kompyuta hadi miaka ya 1970. Wazo la kutunza sifa za kila mtu peke yake lingali msingi wa sayansi ya data: ndivyo kampuni za leo zinavyomchagulia kila mteja bidhaa au habari. Lakini wazo hilo lina hatari. Baada ya kifo chake, mashine za aina hiyo zilichambua sensa ya Ujerumani ya mwaka 1933, chini ya serikali ya Hitler iliyowatesa Wayahudi.

Katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, makarani waliopita Tukuyu na vijiji vya Rungwe, kama kwingineko nchini, walitumia vishikwambi. Kadi haikuwepo tena, lakini kila mtu bado aliandikwa peke yake.